Manukato ya Wanaume: Kutoka Pwani Hata Mpanda

Katika hisi tano alizojaliwa mwanadamu, pua ndiyo iliyoandikiwa machache kuliko zote. Macho yana wachoraji wake, masikio yana malenga na waimbaji, ulimi una wapishi. Bali pua huachwa ifanye kazi yake kimya, kana kwamba yaliyo yake hayastahili karatasi wala wino. Hata hivyo wako watu, katika kila zama, ambao wameipa pua heshima yake. Katika makala hii nitamwita mtu wa namna hiyo mpenzi wa manukato. Simkusudii yule ajipakaye mafuta mazuri siku ya arusi ili apendeze, kisha akayasahau. Namkusudia mwanamume ambaye hujipaka ili ajue: hujitia haya leo na yale kesho, huyalinganisha, huyatafutia maneno, na hutoa hukumu ambayo mwenzake aweza kuikubali au kuipinga.

Watu wengi husema kwamba mapenzi ya jinsi hii ni jambo geni, lililoletwa na biashara ya Ulaya, na ya kwamba mwanamume wa bara, mwenyeji wa mahali kama Mpanda, hana fungu ndani yake. Nakusudia kuonyesha kwamba historia yasema vingine. Mwanamume wa nchi hizi alijua kupima manukato kabla Ulaya haijamtengenezea chupa yenye jina lake. Na baadhi ya harufu ambazo leo huuzwa mijini kuwa ndizo harufu za kiume, zina mfano wake ulio hai katika misitu na mashamba ya Katavi.

Tuanze na pwani, kwa kuwa huko ndiko habari za kale zilikoandikwa. Al-Masudi, mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad, ambaye alisafiri katika bahari ya Wazanji mnamo mwaka 916, aliandika kwamba ambari iliyo bora hupatikana katika fukwe na visiwa vya bahari hiyo. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, huelea juu ya maji muda mrefu, na harufu yake, iliyo nzito na mbaya mwanzoni, hulainishwa na jua na chumvi hata ikawa tamu. Yaonekana basi kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita pwani yetu ilikwisha kujulikana kwa kitu ambacho thamani yake yote i katika pua ya mnunuzi. Tena yule aliyeiokota ufukweni alikuwa hana budi kuijua: ambari bora kwa mtazamo wa macho ni kama jiwe duni.

Ibn Battuta alifika Mogadishu na Kilwa katika mwaka 1331. Katika habari za Mogadishu anaeleza jinsi alivyopokewa kwa niaba ya Sultani: aliletewa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wakamiminiwa marashi yaliyotoka Dameski. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Waliohusika ni wanaume watupu: msafiri aliye mwanachuoni, kadhi, na mjumbe wa mfalme. Hapana aliyeona kwamba marashi yamemwondolea mtu uume wake. Yalikuwa sehemu ya adabu, na mgeni ambaye hakurashiwa angalijua kwamba hakukaribishwa.

Desturi hiyo ilitiwa nguvu na dini. Katika Uislamu mwanamume amependekezewa kuoga na kujitia manukato kabla ya kuiendea sala ya Ijumaa. Na yako mapokeo yanayotenga manukato ya wanaume na ya wanawake kwa kipimo kilicho tofauti sana na kile cha maduka ya leo. Kwa mapokeo hayo, yafaayo kwa mwanamume ni yale ambayo harufu yake hudhihiri na rangi yake hufichika. Na yafaayo kwa mwanamke anapotoka ni yale ambayo rangi yake hudhihiri na harufu yake hufichika. Msomaji ataona kwamba hapa mwanamume ndiye aliyepewa harufu yenye nguvu. Waridi, miski na udi havikugawanywa kwa jinsia. Kilichogawanywa ni namna ya kutumia, na mahali pa kutumia.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Kiswahili kina ubani na udi, ambari na miski, zabadi na sandali, marashi na halwaridi. Kina chetezo cha kufukizia na mrashi wa kunyunyizia. Kina neno uturi kwa manukato yaliyochanganywa, yaani kazi ya fundi, si kitu kimoja kilichotoka mtini. Na zaidi ya yote, Kiswahili hutenga kwa kiambishi kimoja tu mambo mawili ambayo lugha nyingi huyaeleza kwa sentensi nzima: kitu kinachonuka na kitu kinachonukia. Watu hawatengenezi maneno ya kutenga jambo ambalo hawalipimi. Hata leo, katika maulidi na arusi za mwambao, chetezo hupitishwa baina ya wanaume waliokaa, na kila mmoja huuelekeza moshi ndani ya kanzu yake. Na baada ya shughuli wazee huweza kuzungumza kuhusu udi ule, kama ulikuwa mzuri au ulikuwa wa kuhadaa watu. Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 kwa jina la Salme binti Said, alipochapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, hakuweza kueleza maisha ya nyumba ya baba yake bila kutaja manukato.

Sasa tutoke pwani twende bara. Mpanda i mbali na bahari, lakini nchi yake haikuwa mbali na njia za misafara. Katika karne ya 19 barabara kuu ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora hata Ujiji. Na vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya moja kwa moja katika mwaka 1871, Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini kwa njia ya Ukonongo na Kawende, yaani katikati ya nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Katika mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alijenga kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa mapadre wa White Fathers.

Njia hizo hazikubeba nguo na ushanga peke yake. Zilibeba pembe na baruti. Zilibeba pia watumwa na machozi yao, na hapana sifa ya manukato iwezayo kuifunika harufu hiyo. Lakini pamoja na mizigo zilibeba mwenendo. Waungwana waliokaa Tabora na Ujiji walileta kanzu na kilemba, sala ya Ijumaa na karamu za arusi, na pamoja na hayo desturi ya mwanamume kujitia uturi. Kwa upande wa pili, kanisa la Karema lilileta chetezo chake, kwa maana ubani hufukizwa katika ibada ya Kikatoliki kama unavyofukizwa katika nyumba za Waislamu. Hivyo dini mbili zilizoingia bara kwa njia mbalimbali ziliiheshimu pua kwa namna inayofanana.

Wala bara haikuwa mpokeaji tu. Katika misitu ya Katavi yuko fungo, mnyama wa usiku mwenye madoa na milia, ambaye tezi zake hutoa ute mzito uitwao zabadi. Harufu ya zabadi ikiwa nyingi huchukiza. Ikiwa chembe ndogo ndani ya uturi huyapa manukato mengine joto na maisha marefu. Wahabeshi kwa karne nyingi waliwafuga mafungo katika vizimba, wakawakwangua zabadi na kuisafirisha ndani ya pembe za ng'ombe. Katika visiwa vya Unguja na Pemba aliletwa mnyama mwingine wa ukoo huo kutoka Asia, na wataalamu wanaona kwamba aliletwa kwa ajili ya ute wake. Kwa kuwa zabadi ilikuwa ghali, ilighushiwa mara nyingi kwa samli na mafuta mengine, na mnunuzi hakuwa na mizani ya kumwokoa ila pua yake. Huyo mnunuzi ndiye babu wa mpenzi wa manukato. Alinusa kwa riziki. Mjukuu wake hunusa kwa furaha. Lakini elimu ni moja.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Katika mwaka 1709 Johann Maria Farina alianzisha katika mji wa Cologne biashara ya maji mepesi yenye harufu ya malimau na machungwa, nayo yalitumiwa na wanaume kwa wanawake. Mabadiliko makubwa yalitokea maabarani. Perkin wa Uingereza alifaulu mwaka 1868 kutengeneza kumarini, ambayo ni harufu ya majani makavu yaliyokatwa. Na mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ikaitumia katika Fougère Royale. Mwaka 1889 ikatokea Jicky ya Guerlain, yenye mrujuani wa lavenda, kumarini, vanilini na zabadi, nayo ilipendwa na wanaume na wanawake pia. Vanilini ile ya viwandani kwa muda mrefu ilitengenezwa kwa mafuta ya karafuu. Kwa hiyo mkulima wa Unguja na Pemba alikuwa na mkono wake katika chupa za Paris, ingawa hakutajwa. Na siri ya fungo nayo ilifichuliwa: mnamo mwaka 1926 Ružička alieleza umbo la kemikali iipayo zabadi harufu yake, na baadaye kazi zake za kemia zikampatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939.

Ni baada ya hayo ndipo biashara ilipojenga ukuta mrefu baina ya wanaume na wanawake. Caron walitoa Pour un Homme mwaka 1934, ambayo jina lake lenyewe latangaza kwamba ni ya mwanamume; Old Spice ya wanaume ikatoka Marekani mwaka 1938; Brut ikafuata mwaka 1964, na Eau Sauvage ya Dior, kazi ya Roudnitska, mwaka 1966. Baadhi ya kazi hizi ni bora kweli, na sisemi neno dhidi ya ufundi wake. Nasema tu kwamba ukuta ule ulijengwa juzi, tena ulijengwa dukani. Mwanamume aliyeogopa kuitwa mpenda mapambo aliambiwa kwamba hii ni dawa ya baada ya kunyoa, akanunua bila haya. Watu wa mwambao hawakuhitaji kisingizio hicho.

Turudi basi Mpanda, kwa kuwa hapa ndipo mambo yanapokutana. Mji huu ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira, na kwa sababu ya tawi la reli kutoka Kaliua lililojengwa kuyafuata madini hayo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na mji ukajitafutia riziki nyingine. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulipotengwa na Rukwa, Mpanda ulifanywa makao makuu yake. Miongoni mwa mazao yaliyoifanya nchi hii ijulikane ni tumbaku, asali na nta. Haya matatu ni mazao ya shamba na msitu. Lakini mpenzi wa manukato akiyasikia hushtuka, maana kwake yeye ni majina ya harufu.

Tumbaku kwanza. Mafundi wa Ulaya wameipenda tangu zamani: Caron walitoa Tabac Blond mwaka 1919, nyumba ya Kijerumani ikatoa Tabac mwaka 1959, na Tobacco Vanille ya Tom Ford ikatoka mwaka 2007. Anayeipima kazi ya namna hii akiwa mjini, aghalabu huifikiri sigara. Lakini fundi hakuikusudia sigara. Alikusudia jani lililokaushwa, lenye utamu wa asali, wa matunda makavu na wa majani ya malishoni. Mkulima wa Katavi ajua tofauti hiyo bila kufundishwa. Jani bichi limjapo mkononi lina harufu kali ya kijani na gundi inayonata vidoleni. Likitundikwa ndani ya bani na kupewa moto kwa siku kadhaa, hugeuka manjano kwanza, kisha hukauka. Na katika kugeuka huko harufu hubadilika mara nyingi, kutoka ukali wa majani hata utamu mzito unaotoka mlangoni bani linapofunguliwa. Mtu aliyelinda moto wa bani usiku amepata darasa ambalo mnunuzi wa Paris hulilipia fedha nyingi.

Pili, asali na nta. Wakonongo wa upande wa Inyonga wamejulikana kwa ufugaji wa nyuki tangu zamani, wakitundika mizinga ya magogo na ya magome katika miti ya miyombo na mitundu. Nta iliyotoka mzingani ina harufu ya asali, ya chavua na ya moshi uliotumika kuwafukuza nyuki. Na kutoka katika nta hiyo mafundi hupata dutu iliyo ghali, ambayo hutiwa katika manukato ili yawe na joto la jua. Mrina asali akisema kwamba asali hii ni ya maua ya msimu huu, si ya ule, hafanyi jambo lingine ila uhakiki wa harufu na ladha. Ni mhakiki asiyeandika.

Neno hilo, kuandika, ndilo kiini cha makala hii. Katika mwaka 1992 mwanabiolojia Luca Turin alichapisha kwa Kifaransa kitabu cha kuyahukumu manukato moja moja, na mwaka 2008 yeye na Tania Sanchez wakatoa kingine kwa Kiingereza. Vitabu hivyo viliwafundisha wasomaji wengi kwamba manukato yaweza kuhakikiwa kama utenzi au nyimbo: kwa kueleza muundo, kwa kulinganisha, kwa kusema waziwazi kwamba hii ni kazi njema na ile ni bure ghali. Tangu hapo wapenzi wa nchi nyingi wameshika kalamu. Kijana wa Mpanda apendaye kazi hii aweza kununua mafuta ya kupima kwa kichupa kidogo, akaanza. Lakini atakuta kwamba karibu maneno yote ya kazi hiyo yametolewa katika nchi nyingine. Ataambiwa kwamba uturi fulani una harufu ya msitu wenye kuvu wa kaskazini, au ya chumba cha kusomea chenye viti vya ngozi, mambo ambayo hakuyanusa kamwe. Akiyaandika kwa kuiga, atakuwa amehukumu kwa pua ya mwingine.

Kanuni za kazi si ngumu. Pua huchoka upesi, kwa hiyo asipime manukato mengi kwa siku moja. Mawili au matatu yatosha. Asiyanuse chupani, bali juu ya ngozi, kwa maana joto la mwili ndilo liyafunguayo. Avumilie. Vitu vyepesi kama ndimu na chungwa hupaa katika dakika chache. Maua na viungo hufuata. Na mwisho, baada ya saa nyingi, hubaki vizito, yaani miti, nta, ambari na miski. Anayehukumu katika dakika tano za kwanza amehukumu utangulizi akaacha kitabu. Tena ayavae yale yale katika kiangazi na katika masika. Kiangazi cha Katavi, wakati mto Katuma unapopungua na vumbi kupanda, huyafanya manukato matamu yawe mazito hata yakachosha. Mvua za kwanza zikinyesha, hewa yenyewe hujaa harufu ya udongo, na uturi uleule huonekana mpya. Hukumu iliyoandikwa katika baridi ya Ulaya haiwezi kuyajua haya. Yahitaji mwandishi wa hapa.

Na maneno anayo. Aweza kusema harufu ya bani siku ya tatu, harufu ya mzinga mpya, ya gome la mtundu, ya chetezo kilichozimika, ya samli iliyoungua kidogo, ya mvua ya kwanza. Msomaji wa Sumbawanga au wa Kigoma atamfahamu mara moja. Na msomaji wa ng'ambo, ikiwa atatafsiriwa, atajifunza jambo. Fungu la Mpanda katika elimu hii ni ushahidi, na ushahidi ni kitu ambacho fedha haziwezi kuununua.

Yako maulizo mawili ambayo hatuna budi kuyajibu. La kwanza ni kwamba haya ni anasa, na ya kuwa mtu mwenye shamba la kulima hana nafasi ya kunusa vichupa. Nami nakiri kwamba mwenye njaa hapimi uturi. Lakini mpenzi wa kweli hatumii mengi. Matone machache humtosha siku nzima, na furaha yake kubwa ni katika kupambanua, jambo lisilo na bei. Anajua pia kiasi: manukato yanayomtangulia mtu mlangoni na kubaki baada ya kuondoka kwake ni dhuluma kwa wenye pumu na kwa wote walioketi karibu.

La pili ni zito zaidi. Harufu nzuri ina gharama, na mara nyingi anayelipa siye anayenukia. Bani hula kuni nyingi, na kuni hizo hukatwa katika miyombo ileile inayowalisha nyuki. Kwa hiyo tumbaku na asali, zilizo ndugu ndani ya chupa, ni maadui msituni. Msandali wa Afrika Mashariki uling'olewa pamoja na mizizi yake kwa ajili ya mafuta, hata mwaka 2013 nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES zikauweka chini ya ulinzi wa biashara ya kimataifa. Mpenzi wa manukato asiyetaka kuyajua haya ni sawa na msomaji apendaye jalada. Ajuaye harufu ya miyombo ndiye awezaye kueleza kitakachopotea miyombo ikiisha. Na ikiwa hakueleza sasa, wajukuu wake wataikuta harufu hiyo katika chupa tu, wakaambiwa kwamba ni ya kigeni.

Kutoka ambari ya al-Masudi hata nta ya Inyonga, wanaume wa nchi hizi wamenusa, wamepima na wamehukumu. Wafanya biashara walifanya hivyo ili wasipunjwe, wacha Mungu ili waende msikitini na kanisani kwa heshima, wenyeji ili wamkirimu mgeni. Yule afanyaye leo kwa sababu ya mapenzi tu hakuivunja desturi, ameirithi. Ulaya imetupa chupa nzuri na elimu ya kemia, na tuna haki ya kuzipokea. Kilichobaki ni kuandika, kwa Kiswahili na kwa uaminifu, kile ambacho pua ya Mpanda yakijua.